Choo ya shimo, ya ndoo ama ya kuflashi: gani inafaa ploti yako, na vile miji ya zamani iliumia na kila moja

Kama uko na ploti Kisumu, upande wa Nyalenda, Obunga ama Manyatta, ama hata huko Nakuru upande wa Kaptembwo na Rhonda, na wapangaji wameanza kulalamika ati choo imejaa, kwa kweli uko na njia tatu tu. Unachimba shimo ingine, ama unaingia kwa ile mpango ya ndoo yenye mfuniko inayobadilishwa kila mara, ama unaweka ya kumwaga maji iende kwa laini ya maji taka au kwa septiki, ile tanki ya chini ya ardhi. Hizo zingine zote ni watoto wa hizo tatu.

Nitazilinganisha lakini nitapitia kwanza London, Manchester na New York za miaka ya 1800, na usishangae, maskini wa hiyo miji walikuwa wanaishi vile tu watu wanaishi kwa ploti zetu, chumba moja familia nzima, choo nyuma ya nyumba inatumiwa na majirani wote, maji ni ya kuchota, landilodi anakaa mbali na anatuma mtu wa kukusanya kodi. Na hizi choo tatu wao walizijaribu zote kwa mji mzima, wakahesabu hata maiti, kwa hivyo majibu yako tayari, ni sisi tu hatuangalii. Ukiniuliza mimi, fundi akianza kukuambia habari ya tailesi na rangi ya mlango mwambie angoje, muulize kwanza huu mzigo nani atakuja kuutoa, atakuja lini, na anaenda kuumwaga wapi. Hapo ndio pesa yako itaokoka ama itapotea.

Shimo

Tuanze na shimo kwa sababu ndio wengi wetu tuko nayo na ndio bei ya chini ukianza. London pia ilikuwa hivyo, nyumba nyingi zilikuwa na shimo la matofali chini ya nyumba au uani, na kulikuwa na watu wa kazi hiyo, walikuwa wanakuja usiku na mikokoteni, wanachota, wanabeba hadi mashambani nje ya mji wanauza kama mbolea. Na hiyo mpango ilifanya kazi miaka mingi sana, mtu asikudanganye ati watu wa zamani walikuwa wachafu tu. Shida ilikuja mji ukipanuka, mashamba yakawa mbali, gharama ya kubeba ikapanda, halafu kwa miaka ya 1840 wakulima wakaanza kuletewa guano, mavi ya ndege kutoka Peru kwa meli, bei ya mzigo wa London ikaanguka. Sasa nani atakuja kuchota kama hakuna mnunuzi? Landilodi hataki kulipa, mpangaji hana, shimo linajaa hadi linatokea kwa sakafu ya chumba cha chini, na hapo chini ndio maskini kabisa alikuwa anaishi.

Kisa chenye kila mtu anapaswa kujua kabla achimbe shimo ni cha Broad Street, mtaa wa Soho huko London, mwaka wa 1854. Mtoto mchanga kwa nyumba namba 40 aliharisha vibaya sana, mama yake akawa anasuuza nepi kwa ndoo, yale maji anayamwaga kwa shimo la choo mbele ya nyumba, vitu vyenye mama yeyote angefanya. Hakuna mtu alijua kwamba matofali ya lile shimo yalikuwa yameoza na kisima cha pampu ya mtaa kilikuwa karibu hapo chini, kama mita moja hivi kutoka kwa shimo. Maji ya ile pampu yalikuwa yanasifiwa, matamu na ya baridi, watu walikuwa wanatoka hata mitaa ya mbali kuyachota. Zaidi ya watu 600 walikufa na kipindupindu hapo. Daktari John Snow ndiye aliyefuata maiti hadi kwa pampu, na padri wa mtaa, Henry Whitehead, ambaye mwanzo hakuwa anamwamini, ndiye alikuja kugundua habari ya yule mtoto na nepi.

Sasa rudi Kisumu. Kanuni yenye watu wa afya hukariri ni kisima kikae mita 30 kutoka kwa choo, na chini ya shimo pakae angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Lakini ploti ya hamsini kwa mia, ile ya futi, ni kama mita 15 kwa 30 peke yake, na ndani yake kuna vyumba kumi, bafu, kamba za nguo na kisima. Hata ukiweka kisima pembe moja na choo pembe ile ingine, choo ya jirani iko hapo nyuma ya ukuta. Na Nyalenda maji yako juu sana, mvua ya Aprili ikishika unachimba kidogo tu unakutana nayo, kwa hivyo shimo lako si shimo tena, ni kisima cha kinyesi, na kisima cha jirani kinakunywa kutoka hapo. Sehemu za Manyatta nazo ni mwamba, unalipa wachimbaji hadi unachoka na bado shimo ni fupi, litajaa mapema. Kwa hivyo ukiona kisima na shimo kwa ploti moja, hayo maji ni ya kuosha sakafu, ya kunywa tafuta ya mfereji na bado uyachemshe au uweke dawa. Na kisima kuwa na mfuniko na kibao kizuri haimaanishi kitu, kile kinaingia kinapitia chini.

Nakuru ni hadithi ingine kidogo. Maji ya ardhini yako mbali, udongo ni ule wa volkeno, mtu anaweza kuchimba futi nyingi sana bila kuona unyevu, na ndio maana huko unapata shimo lenye limekaa miaka na miaka bila kuguswa. Shida yao ni ardhi kutitia, mvua kubwa ikija udongo unafunguka, na shimo lenye halijajengewa ukuta ndani linaenda na slabu na kila kitu. (Maji ya visima virefu ya Nakuru yako na floraidi nyingi, ndio ile meno ya kahawia, na hiyo hata ukichemsha haitoki, lakini hiyo ni mada ya siku ingine.)

Kitu chenye kinaua shimo siku hizi ni pampasi. Nepi ya Broad Street ilikuwa kitambaa, inasuuzwa inarudi kwa kamba. Yetu inatupwa ndani nzima nzima, na soksi, na chupa, na nywele za saluni, halafu siku eksosta, ile lori ya kunyonya choo, inakuja paipu inaziba dakika ya kwanza, dereva anakuambia hiyo si kazi yake anaondoka, na pesa ya kuja umeshalipa. Sasa unaita vijana wa kuchota kwa mkono, usiku, wanaingia bila gambuti bila glavu, na mzigo unaishia kwa mtaro unaoteremka ziwani. Ukiamua shimo basi nunua pipa la pampasi siku hiyo hiyo, uliweke kando ya mlango wa choo na ulipe mtu wa taka, hiyo si hiari. Na pima njia ya kuingia kwa ploti, kama lori haifiki na paipu yake haifiki, usijidanganye kwamba utamwagisha shimo lako siku moja.

Ndoo

Hii ndio watu hucheka wakisikia, ati tunarudi kwa ndoo. Lakini ngoja.

Rochdale, mji wa viwanda karibu na Manchester, ilianza mpango wa ndoo mwisho wa miaka ya 1860. Walikuwa wanachukua mapipa ya mafuta, wanakata katikati, nusu inakaa chini ya kiti cha choo, na kila wiki gari la baraza la mji linapita, ndoo iliyojaa inafunikwa na mfuniko wa kubana, inabebwa, inaachwa ingine safi. Manchester nayo ikafuata, na miji mingine ya viwanda pia. Hakukuwa na maji ya kutosha maskini wote waflashi, hakukuwa na pesa ya kuchimba laini kila kichochoro, lakini gari la farasi lilikuwepo, na mtu wa baraza analipwa mshahara.

Na hapa kuna hesabu yenye ningependa kila mwenye ploti aibandike ukutani. Nottingham, mji mwingine wa Uingereza, ilikuwa na nyumba za aina tatu kwa wakati mmoja, zenye choo za kizamani za lundo na shimo, zenye ndoo, na zenye kuflashi. Daktari wa afya wa mji akahesabu homa ya matumbo, yaani taifodi, kwa miaka kumi, 1887 hadi 1896. Kwenye nyumba za lundo ilikuwa mgonjwa mmoja kwa kila nyumba 37. Kwenye ndoo, mmoja kwa kila nyumba 120. Kwenye kuflashi, mmoja kwa kila nyumba 558. Kwa hivyo ndoo inayochekwa ilikuwa bora kuliko shimo zaidi ya mara tatu, mji ule ule, hewa ile ile. Nakubali kwamba nyumba za kuflashi zilikuwa za watu wenye pesa kidogo na hilo lina mchango wake, lakini shimo na ndoo zote zilikuwa za maskini, na tofauti bado iko hapo.

Sababu si uchawi. Ndoo haigusi udongo, haigusi maji ya chini, kwa hivyo kwa Nyalenda yenye maji yako juu hiyo ni faida ambayo shimo haiwezi kukupa hata ulijenge kwa simiti gani. Haihitaji maji pia. Na haihitaji lori kubwa, mkokoteni unapita kwa kichochoro chenye eksosta haiwezi. Kuna padri mwingine, Henry Moule wa Dorset, baada ya kipindupindu kupita kwa parokia yake alichoka na shimo lake akalifunga, akaanza kutumia ndoo na kumwaga udongo mkavu juu kila mtu akitoka, na mwaka wa 1860 akaandikisha hiyo choo kisheria kama uvumbuzi wake. Sisi tuna majivu, na ukiweka kopo la majivu au vumbi la mbao hapo kando harufu inapungua sana, nzi pia, kuliko zile dawa za kunyunyizia zenye watu hununua kwa supamaketi.

Ubaya wa ndoo ni mmoja na ni mkubwa: siku mbebaji hajakuja, imekwisha. Shimo linakusamehe miezi, ndoo haikusamehi hata siku tatu. Hata sisi tulikuwa na ndoo wakati wa mkoloni, vile vichochoro vyembamba nyuma ya maduka ya zamani katikati ya miji yetu vilikuwa njia za watu wa ndoo, na wazee wakikumbuka wanakumbuka aibu tu, mtu anabeba kichwani, inamwagika, watoto wanamkimbilia wakipiga kelele. Hiyo kazi walipewa watu wenye hawangekataa. Siku hizi kuna mashirika yanayofanya hii biashara na kontena za kufungwa vizuri, wafanyikazi na gambuti na glavu, mzigo unaenda kugeuzwa mbolea, na Nakuru kampuni ya maji ilienda hadi kutengeneza makaa kutoka kwa uchafu wa choo uliokaushwa na kuchanganywa na vumbi la mbao, na yanawaka vizuri bila harufu, kabla uulize. Lakini unalipa kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Kwa hivyo kabla usaini, ongea na ploti tatu zenye ziko ndani tayari, usiulize kama wanapenda, uliza Desemba mbebaji alikuja ama hakuja, na wakati wa maandamano barabara zikifungwa ilikuwaje.

Kuflashi

Hii ndio kila mtu anataka, na mpangaji ataongeza kodi bila kunung'unika, hiyo najua. Na zile namba za Nottingham zinasema ndio bora. Lakini kuna sharti lenye London ilijifunza kwa uchungu, kuflashi si kumaliza, ni kuhamisha.

Mwisho wa miaka ya 1840 wakubwa wa London waliamini ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Kwa hivyo wakaamuru mashimo yafungwe, kila kitu kisukumwe kwa mitaro hadi mto Thames, harufu iishe nyumbani. Na kweli nyumbani ilipungua. Lakini kampuni za maji zilikuwa zinavuta maji ya kunywa kutoka mto huo huo, na kipindupindu cha 1848 na 1849 kikaua kama watu 14,000 London. Ilibidi hadi kiangazi cha 1858, mto unanuka hadi wabunge hawawezi kukaa ndani ya bunge lao, ndio pesa ikatoka haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga laini kubwa za kupeleka uchafu mbali mashariki. Na ona hii: 1866 kipindupindu kikarudi, kikapiga upande wa mashariki peke yake, kwa maskini, pale pale laini zilikuwa bado hazijamalizika kuunganishwa na kampuni ya maji ilikuwa inauza maji yenye hayajachujwa. Walikufa zaidi ya 5,000 hapo, na upande wenye laini ilikuwa imekamilika watu waliponea.

Kwa Kisumu sihitaji kueleza sana, Thames yetu ni ziwa. Mabwawa ya kusafisha maji taka yako hapo Nyalenda, watu wanapita kando yake wakienda kazini, na bado ploti nyingi jirani ziko na shimo, mji unaleta wake hapo na wenyeji hawajaunganishwa. Kwa hivyo kama laini inapita karibu na ploti yako, usifikirie mara mbili, lipa uunganishwe, hata kama ni kukopa kwa chama. Kama haipiti, kuflashi maana yake ni septiki, na septiki ni eksosta tena, tumerudi kwa swali la lori inafika ama haifiki. Na kuna mafundi, nawajua aina yao, wanakuwekea kuflashi nzuri sana nyeupe, halafu paipu inatokea kwa mtaro nyuma ya ukuta. Hiyo ni London ya 1848, na sheria ya afya ya umma ikikufikia ni wewe unalipa si fundi.

Halafu maji. Tanki ya kizamani inatumia lita 9 kila mtu akivuta. Ploti ya watu 30, kila mmoja aende mara nne kwa siku, hiyo ni lita 1,080, mitungi 54 ya lita 20, kila siku, ya kupelekea choo tu. Siku mfereji umekauka, na hukauka, watu wataenda hivyo hivyo bila kumwaga, na choo ya kuflashi isiyo na maji ni mbaya kuliko shimo lolote. Kwa ploti ya kushea chukua ile ya kumwagia kwa kopo, sinki ya kuchuchumaa yenye shingo ya maji, lita 2 zinatosha, hesabu inashuka hadi mitungi 12, na maji ya kufulia yanafaa kabisa, hakuna mtu anahitaji maji safi kusukuma kinyesi. Tishu tu ndio shida, na karatasi ngumu za gazeti zitaziba, weka ndoo ndogo yenye mfuniko.

Kitu chenye hakiangaliwi ni watu wangapi kwa mlango mmoja. New York mwaka wa 1867 waliweka sheria ya choo moja kwa watu 20 kwenye nyumba za kupanga, na hiyo ikaonekana kuwa maendeleo. Mwaka wa 1901 wakabadilisha, nyumba mpya kila familia iwe na choo yake ndani. Katikati hapo waliona kwamba choo ya watu wengi haina mwenyewe, hata iwe ya aina gani. Kwetu huwezi jengea kila chumba, sawa, lakini unaweza kugawa, vyumba vinne kufuli moja, kila nyumba funguo yake, zamu imeandikwa. Na sabuni na mtungi wa kunawa ukae nje hapo mlangoni, usiniambie wataiba, funga na waya.

Sasa ningechagua nini. Kisumu, upande wa Nyalenda na Bandani, kama laini ya maji taka haiko, ningeenda ndoo ya kampuni, bila aibu, na kisima ningekifunga ama nikiandike kwa rangi kwamba si cha kunywa. Manyatta penye ni mwamba, ndoo pia, ama septiki iliyoinuliwa kama lori inafika. Mitaa ya Milimani na Tom Mboya huko Kisumu si mada yetu, hao wako sawa. Kaptembwo na Rhonda, shimo lililojengewa ukuta ndani bado ni jibu zuri, mradi lifikiwe na lori na pampasi zikae nje. Penye laini ya maji taka inapita, popote, kuflashi kwa kopo.

Na kama wewe ni mpangaji, huna la kujenga, bado unaweza kuchagua. Ukienda kuona nyumba usiangalie tu jiko na soketi, enda nyuma. Angalia kama kuna kisima na kiko wapi. Angalia kufuli ziko ngapi na mlango una komeo ya ndani, hasa kama uko na wasichana, maana usiku ndio utajua. Halafu muulize keateka mara ya mwisho choo ilitolewa lini na nani alikuja. Akikujibu mwezi na akakuonyesha namba ya simu ya mtu wa lori au wa ndoo, lipa kodi uingie. Akikuambia hii haijawahi kujaa tangu ijengwe, na mko Nyalenda, jua inavuja, na uulize maji ya kunywa wanatoa wapi.